Tano, Tisa, Tisa

Mara ya tatu chubwi likapita juu ya msonobari,
likashuka upande wa pili na mshipi wake,
na Urho, mwenye manati, akajidai
hakuwahi kukosa zile mara mbili.
Tukafunga waya kwenye mshipi, tukavuta.
Mita arobaini na moja za shaba zikapanda,
zikasita penye tawi, zikapita.
Ndivyo kituo kinavyozaliwa: uzi, mti,
na watu sita wanaonuka dawa ya mbu.

Dawa yenyewe haikusaidia.
Mbu wa Ziwa Inari mwezi wa Juni hawabishi hodi.
Usiku nao haukuja.
Saa sita jua lilikuwa pale pale juu ya maji,
kama mgeni aliyekwisha kuaga, akashika kitasa,
kisha akakumbuka habari nyingine.

Ndani ya hema, mashindano:
saa ishirini na nne za kuita na kuhesabu walioitika.
Sheria yataka mwambiane: wanisikiaje?
Na kila mtu, tangu Urho ana nywele,
hujibu namba ileile: tano, tisa, tisa.
Yaani, nakusikia kama uko mezani kwangu.
Hata kama sauti yako ni unywele ndani ya mvumo,
hata kama nimekisia nusu ya jina lako,
tano, tisa, tisa, asante, anayefuata.
Ni hujambo na sijambo:
mgonjwa wa wiki mbili naye hujibu sijambo,
wala hatumwiti mwongo.

Saa nane jenereta ikakohoa, ikanyamaza.
Eevi akalaumu mafuta. Jalmari akamlaumu Eevi.
Ikabaki betri ya gari na wati tano;
taa ya friji ina nguvu zaidi.
Tulale basi, akasema mtu.

Ndipo Raili akaweka kikombe chini.
Miaka themanini na moja. Ujanani alipiga simu za upepo
kwenye meli za kubeba mbao;
sasa sikio la kulia limekufa, la kushoto linamdanganya.
Hakutaka visikilizi.
Alibandua kifuniko cha spika,
akagusisha ncha ya kidole kwenye karatasi yake nyeusi
kama mkunga anayetafuta mapigo,
akafumba macho.

Sisi tulisikia mchanga ukimwagika, basi.
Midomo yake ikaanza kutaja herufi,
moja, ya pili, akatikisa kichwa, akarudi mwanzo.
Yupo mtu. Anaita.
Robo saa nzima hadi jina likatimia.

Nikafungua daftari, nikaandika 5, 9, 9
kabla hajagusa kitufe. Mazoea.
Raili akaona, akaikata kwa ukucha.
Akapiga: tatu, mbili, tisa.
Yaani, nakusikia kwa shida. Yaani, umefifia mno.
Nukta na vistari, taratibu, mara mbili.

Umemkosea adabu, akasema Urho.

Mvumo. Mbu.
Kisha kidole kikapata kitu,
naye akatusomea, akimeza maneno yaliyopotea:
*Asante . . . kutwa nzima wananipa tano tisa tisa,
kisha wanakosea jina langu . . .
nilidhani waya umekatika . . .
hapa mlimani, mvua, betri ndogo, niko peke yangu.*

Raili akajibu:
*Hapa ziwani, mbu, betri ndogo. Tuko sita.*
Akafikiri kidogo, akaongeza:
*Jenereta imekufa. Wanagombana.*

Hatukushinda chochote.
Asubuhi tulikunja waya, Eevi akihesabu mizunguko,
chubwi likanasa juu ya msonobari, tukaliacha.
Jalmari akaleta kahawa,
akamuuliza Raili karibu na sikio la kushoto
kama alilala vizuri.
Vibaya, akasema,
akanyoosha mkono achukue sukari.